Rekodi Ipi?



Muulizeni shabiki wa Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, ni albamu gani ya bendi hiyo anayoipenda kuliko zote. Atanyamaza kidogo, kisha atawatajia wimbo. Atasema "Neema". Aliye karibu naye atadakia "Hiba", wa tatu ataapa kwa "Talaka ya Hasira", na mtabishana mpaka chai ipoe bila jina la albamu hata moja kutajwa. Sasa mgeukieni mtu aliyekuwa kijana mwaka 2001. Huyo atajibu kabla hamjamaliza swali: "Machozi, Jasho na Damu" ya Profesa Jay, tena atawahesabia nyimbo zilizomo. Wote wawili wanaujua muziki wa Tanzania na wote wawili wana masikio. Kilichowatenganisha ni vyombo. Mmoja alipata muziki hewani, wimbo mmoja mmoja, kwa hisani ya mtangazaji. Mwingine aliununua dukani ukiwa umepangwa, una picha, una jina.

Mlinialika nizungumzie wasanii na albamu ambazo mtu huzirudia maisha yake yote na kuziita za kwake. Ninayo hoja moja, na nitaizunguka jioni nzima: anayesema muziki fulani kwake haufi, aweze kutuambia ni rekodi ipi. Kusema "nampenda Mbaraka" hakutoshi. Mbaraka yupi, wa Morogoro Jazz au wa Super Volcano? Uliyemsikia kwenye santuri, kwenye radio, au kwenye fleshi uliyojaziwa nyimbo mia na kijana wa stendi? Muziki wa dansi na taarab tuliourithi haukuja kwa albamu. Ulikuja vipande vipande, na kila kipande kina alama ya mashine iliyokibeba. Anayetaka kuusikiliza upya hana budi aisikilize na ile mashine.

Tuanze na huyo huyo Mbaraka Mwinshehe. Alizaliwa mwaka 1944, akaingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1970 bendi hiyo ikaiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70 kule Osaka, Japani. Mwaka 1973 akajitenga na kuunda Super Volcano. Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa, hajafika hata miaka thelathini na mitano. Katika muda huo mfupi alirekodi nyimbo nyingi kupita wengi waliomzidi umri. Lakini aliyetaka kumnunua Mbaraka siku zile alinunua santuri ndogo, ya mizunguko 45 kwa dakika, iliyobeba dakika nne au tano kila upande.

Wimbo wa dansi hauenei humo. Una utangulizi wa magitaa, una beti, una kiitikio, halafu kuna chemko, pale waimbaji wanapopisha na magitaa yakachukua ukumbi. Kwa hiyo wenye kampuni waliukata: Sehemu ya Kwanza upande huu, Sehemu ya Pili upande wa pili. Unasikiliza, wimbo umeanza kukolea, mara sauti inazimwa polepole. Unanyanyuka, unainua mkono wa gramafoni, unaigeuza santuri, unapangusa vumbi kwa kiganja, unaishusha sindano, na wimbo unarudi kama ulitoka nje kidogo kuzungumza na mtu. Kuna wapanga muziki waliojua mkato utaangukia wapi na wakautengenezea mlango mzuri. Kuna na mafundi mitambo waliokata kama wachinjaji wa sikukuu, popote kisu kilipofika.

Waliokua na santuri wana kimya ndani ya nyimbo hizi ambacho waliokua na radio hawakijui. Mzee mmoja aliyekuwa na gramafoni ya kupigia watu kwenye baa aliniambia kwamba Sehemu ya Pili ndiyo iliyokuwa ikichakaa kwanza. Watu walikuwa wakimwomba aruke beti, awape chemko. Habari hiyo ina maana kwangu kuliko chati yoyote ya mauzo, kwa sababu inatuambia wachezaji walimpenda Mbaraka kwa vidole vyake kabla ya maneno yake, hata kama leo tunamsifu zaidi kwa maneno.

Baada ya kifo chake zilitoka Nairobi santuri ndefu zilizoitwa "Ukumbusho", juzuu baada ya juzuu. Hizo ndizo "albamu za Mbaraka" ambazo wengi wetu tunazifahamu, na yeye mwenyewe hakuzipanga. Alikuwa amekwisha kuzikwa. Naziheshimu kwa sababu zimeokoa kazi. Nikiulizwa cha kwangu, hata hivyo, sitaji juzuu. Nataja "Shida" ya Super Volcano, na nataja jinsi gitaa lake linavyosubiri sauti imalize ndipo lijibu. Haliombolezi pamoja na mwimbaji. Linamsikiliza, halafu linasema lake, fupi, kama mtu mzima aliyeyaona hayo kabla yako. Mbaraka ndiye mwimbaji na Mbaraka ndiye mpiga solo, kwa hiyo anajisikiliza mwenyewe. Nimewasikia wengi wakiupiga wimbo huu kwenye kumbi, na karibu wote wanaharakisha jibu hilo.

Sasa twende Barabara ya Pugu, ambayo leo inaitwa Barabara ya Nyerere, ilipokuwa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Santuri zilitengenezwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978. Fanyeni hesabu wenyewe: bendi iliyokuja kuwa kipimo cha dansi ya Dar es Salaam ilianza maisha yake huku njia ya kwenda kiwandani imefungwa. Baadhi ya bendi zilijipenyeza zikafika Nairobi, lakini kwa sehemu kubwa wimbo wa Dar es Salaam wa miaka ile ulikuwa kanda iliyohifadhiwa kwenye rafu za RTD, na nje ya rafu ulikuwa hewa.

Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, kanda ikizunguka. Mpiga tarumbeta akikosea mwishoni, wote wanarudi mwanzo. Ndiyo maana katika rekodi zile husikii mtu akijionyesha sana; kila mmoja anachunga asiwaharibie wenzake. Lakini radio ilitoa zawadi moja ambayo santuri iliwanyima: muda. Kanda haikuwa na upande wa kugeuza baada ya dakika tano. Wimbo ungeweza kwenda dakika saba, nane, ukipumua. Naamini hapo ndipo ulipotoka ule utulivu wa Sikinde, wa kusimulia kisa kizima cha ndoa, wakwe na mahakama kabla ya kumpa mpiga solo nafasi. Watu husema ni busara ya wazee. Busara ilikuwepo, lakini na kanda ilikuwepo.

Shangazi yangu alikuwa na kaseti moja ya dakika sitini aliyoirekodi kutoka kwenye radio. Alikuwa amevivunja vile vimeno viwili vya juu ili watoto wasirekodi juu yake. Humo ndani kulikuwa na sauti ya mtangazaji ikiingia juu ya utangulizi, jogoo wa jirani, na "Neema" mwisho kabisa wa upande wa kwanza. Wimbo ulikuwa umefika kwenye chemko, saksafoni zimeanza, halafu: tak. Kaseti imekwisha. Nilikua nikiamini, kwa namna ambayo watoto huamini, kwamba wimbo unaisha hivyo, na nilipenda ukali wake. Miaka ya 1990 kampuni ndogo ya Detroit, Marekani, iitwayo Africassette, ilitoa CD ya Mlimani Park iliyoitwa "Sikinde", na hapo nikapata "Neema" yenye miguu yake yote. Kwa muda mrefu sehemu ile iliyozidi ilinikera, kama mgeni aliyekaa baada ya kuaga.

Je, ya kwangu ni ipi kati ya hizo mbili? Ni nzima, na nitasema kwa nini. Cosmas Chidumule anaimba wimbo huu kwa sauti iliyobanwa. Anayo nguvu ya kupanda lakini haitumii. Kwenye kaseti ya shangazi ubanaji ule ulionekana kuwa huzuni tu. Ukisikia hadi mwisho unatambua alikuwa akiwaachia nafasi wapulizaji, kwamba kile ambacho sauti inakizuia kwenye beti ndicho kinachotoka kwenye tarumbeta na mdomo wa bata, yaani saksafoni, baadaye. Ni mpango. Chidumule baadaye aliacha dansi akaingia kwenye nyimbo za injili, na wapo wanaopenda kusema kwamba hata "Neema" ilikuwa na dalili za kanisani. Mimi nasikia mtu anayejua bendi yake.

Na bendi yenyewe ni ya nani? Hapa wale wanaotaka orodha ya "wasanii bora" hupata taabu. Vyombo vilikuwa mali ya mashirika. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadilika jina bendi nayo ikabadilika: Juwata, kisha OTTU, hadi leo tunaiita Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mikononi mwa shirika la teksi, ikahamia kwa DDC, shirika la maendeleo la jiji. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi, bima walikuwa na bendi, mabasi ya UDA yalikuwa na bendi, polisi, magereza na jeshi la kujenga taifa walikuwa na bendi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na mwajiriwa huhama palipo na mshahara mzuri. Muhiddin Maalim Gurumo alitoka Juwata akaenda Mlimani Park, akaenda Safari Sound, akarudi Msondo. Hassani Bitchuka alikwenda na kurudi mpaka mashabiki wakachoka kumzomea. Michael Enoch, aliyejulikana kama King Enoch, alianza kwa kucharaza gitaa la solo Dar es Salaam Jazz. Mnamkuta tena Sikinde akiwa na saksafoni mdomoni na vijana wakimwita mwalimu.

Kwa hiyo unaposema "napenda Msondo kuliko Sikinde", huenda unampenda mtu yule yule dhidi ya nafsi yake ya mwaka mwingine. Ushabiki ni raha na siwanyimi. Ila mkikaa kusikiliza, ulizeni ni nani waliokuwa chumbani siku ile.

Nairobi nitapita haraka, isipokuwa kwenye kituo kimoja. Mwaka 1978 waliojitenga na Simba Wanyika, bendi ya ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga, waliunda Les Wanyika, na muda si mrefu wakatoa "Sina Makosa". Umepigwa kwenye harusi mpaka umegeuka kama kiti cha plastiki, upo kila mahali na hakuna anayeutazama. Utazameni leo. Acheni maneno, acheni hata solo ya John Ngereza. Msikilizeni Omar Shabani kwenye gitaa la ridhimu na Tom Malanga kwenye besi. Ridhimu ya Omar haibadiliki karibu wimbo mzima, na haichoshi. Besi ya Malanga haijazi kila pengo. Inaacha mapigo wazi, na mwili wa msikilizaji ndio unaoyajaza. Ndiyo sababu hata asiyejua kucheza hutikisa bega. Wimbo huu umeimbwa upya na wengi, na nyingi ya rekodi hizo mpya zina kosa moja: zimejaza yale mapengo.

Sasa Remmy Ongala. Huyu ndiye anayeniharibia hoja yangu, maana yeye anayo albamu, albamu kweli kweli. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kupigia Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila. Mwaka 1988 alialikwa kwenye maonyesho ya WOMAD, na mwaka 1989 akarekodi "Songs for the Poor Man" kwenye studio za Real World, za Peter Gabriel, kijijini Box huko Uingereza. Inafunguka na "Nasikitika", inafunga na "Dole", na kati yake mna "Karola", "Sauti ya Mnyonge", "Kipenda Roho" na nyingine. Mtu aliyeisikiliza kwa mpangilio wake hawezi kuzisikiliza nyimbo zile kwa mpangilio mwingine.

Wapo wanaoidharau kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya masikio ya wageni. Ni kweli ilitengenezwa hivyo. Jina lenyewe ni la Kiingereza, na wengi waliokuwa wakifurika kwenye kumbi za Dar kumwona Remmy hawakuwahi kuishika CD hiyo mkononi. Wao walimjua kwa jukwaa, kwa radio na kwa kaseti, ambako wimbo ulikuwa na mahubiri marefu katikati na watu wakiitikia. Kwenye Real World mahubiri yamepungua na magitaa yamesafishwa kiasi cha kusikia ukucha ukigusa waya. Nimezisikiliza namna zote mbili kwa miaka, na hukumu yangu ni kwamba "Songs for the Poor Man" ndiyo albamu bora iliyowahi kutolewa na bendi ya dansi ya Tanzania. Usafi ule ulitufanyia jambo ambalo hatukuliomba: ulionyesha jinsi magitaa ya Matimila yalivyosukwa, moja likipita chini ya jingine, jambo ambalo kwenye spika za ukumbini lilikuwa kishindo tu cha kupendeza. "Kipenda Roho" hasa. Pale Remmy hapazi sauti hata kidogo, na mtu mwenye umbo lile na sauti ile akinong'ona, unasogea karibu.

Albamu iliyofuata, "Mambo" ya mwaka 1992, siiweki kwenye rafu hiyo hiyo. Ni kweli Remmy ndiye aliyetuimbia "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuwahimiza watu watumie kondomu wakati ukimwi ukitumaliza, ambao radio ya taifa ilikataa kuupiga huku nchi nzima ikiuimba. Kwa ujasiri huo peke yake Remmy anastahili mtaa, na mtaa anao: Sinza kwa Remmy. Lakini albamu ile ilimtaka aimbe baadhi ya nyimbo kwa Kiingereza, na Remmy kwa Kiingereza ni nusu ya Remmy. Utani wake uko kwenye Kiswahili chake cha Kongo kilichooshwa Dar, kwenye kusema jambo zito kwa sentensi ya mtu wa sokoni. Alifariki Desemba 2010, akiwa naye amekwisha kuhamia kwenye injili.

Taarab nayo ina mashine zake. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri za wakati ule zilibeba dakika tatu hivi kila upande. Mwimbaji aliyezoea kuimba usiku kucha, akirudia ubeti mpaka waliokaa waridhike, aliambiwa amalize kabla chai haijachemka. Tunachokisikia leo chini ya mchakacho wa santuri zile ni Siti aliyefupishwa. Shaaban Robert ameandika wasifu wake na kutupa mwanamke mzima. Sauti iliyobaki ni ya kipimo cha santuri.

Ila kuna mahali santuri na taarab vilipatana, nako ni Tanga. Black Star na baadaye Lucky Star hawakuwa na safu ya fidla na ganuni kama vilabu vikubwa vya Unguja. Walikuwa na gitaa, besi, kodiani, ngoma chache, na sauti za akina Shakila. Nyimbo zao zilikuwa fupi na zilienea upande mmoja wa santuri bila kukatwa. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilikusanya baadhi yake katika santuri iliyoitwa "Nyota". Hii naiweka pamoja na ya Remmy. Imepangwa na watu wa mbali, kutoka kwenye santuri ndogo zilizokuwa zikioza makabatini, na bado imeshikamana, kwa sababu kila wimbo uliumbwa ukiwa mzima. Msikilizeni Shakila anavyoingia: haanzi na sauti kubwa, na hatafuti huruma. Anaimba kama anayetoa taarifa, na kodiani ndiyo inayolia kwa niaba yake. Vijana wa leo wa taarab ya kisasa, wenye vinanda vya umeme na nyimbo za dakika kumi na tano za kusutana, wangefaidika kukaa na santuri hiyo wiki moja.

Sasa niwaambie ambazo zimeniponyoka, maana kuurudia muziki si kuupigia saluti. Ziko nyingi. Nyimbo za kusifia shirika lililonunua vyombo zimekufa na wacha zife. Zipo pia zile za kumwonya na kumsuta mwanamke wa mjini: ana tamaa, amemwacha bwana, amejipaka rangi. Bendi zetu kubwa zote zilikuwa nazo, baadhi zimepigwa vizuri ajabu, na zamani tulikuwa tukiziimba wote, wanawake kwa wanaume. Leo nikifika kwenye ubeti wa tatu naona aibu ya mtunzi. Muziki wake bado unachezeka. Naucheza, lakini siuiti wa kwangu. Anayetuambia kwamba kila kilichorekodiwa kabla ya 1990 ni dhahabu hajakaa na zile kanda. Amekaa na ishirini bora zinazorudiwa kila Jumapili.

Na hao wanaosema baada ya dansi hakukuja kitu, ndio maana nilianza na Profesa Jay. "Machozi, Jasho na Damu" ilitoka mwaka 2001, ikapikwa Bongo Records kwa P-Funk Majani. Jay, jina lake halisi Joseph Haule, alikuwa ametoka kundi la Hard Blasters, na watu walikuwa bado wanauliza kama rap ya Kiswahili ni muziki au ni kelele za vijana. Alijibu kwa albamu iliyokaa kama kitabu cha hadithi fupi. "Ndiyo Mzee" inamweka mwanasiasa jukwaani akimwaga ahadi, na umati unaitikia. Mwaka 2001 tulicheka na mwanasiasa ndiye aliyekuwa kichekesho. Mwaka 2015 Haule mwenyewe akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, akakikalia kiti hicho miaka mitano. Rudini sasa mkausikilize wimbo ule. Mimi masikio yangu yamehama kutoka kwa msemaji kwenda kwa waitikiaji. Wanaitikia haraka mno. Wanaitikia kabla ahadi haijaisha. Sijui kama mtunzi alikusudia hivyo alipokuwa studio, lakini iko kwenye rekodi, na rekodi hiyo haikubadilika hata herufi. Aliyebadilika ni msikilizaji. Wimbo unaoweza kubeba hilo nauita wa kudumu bila kusita.

Jambo la mwisho ni hili la mtandaoni, nalo ni la vitendo. Nyimbo nyingi nilizozitaja mtazipata leo kwa sekunde mbili, na hilo ni jema. Lakini asilimia kubwa zimepandishwa na watu wenye mapenzi na wasio na taarifa. Wimbo wa Juwata umeandikwa Mlimani Park, wa Safari Trippers umeandikwa jina la Marijani Rajabu peke yake, na mara nyingine kanda ilizungushwa kwa kasi isiyo yake hivyo Chidumule anaimba kama mtoto wa madrasa. Kijana anayesikia hivyo, ndivyo atakavyoupenda wimbo, kama mimi nilivyoipenda "Neema" iliyokatwa, na si kosa lake.

Kanda za RTD sasa ziko mikononi mwa TBC, na hilo ni jukumu la taifa. Ila makabati ya nyumbani ni jukumu letu. Mliokuja na kaseti au santuri leo, na najua mpo, msiondoke nazo bila kuandika juu ya ganda lake: jina la wimbo, bendi, mwaka kama mnaukumbuka, nani anaimba, nani yuko kwenye solo, mliipata wapi. Msipojua, waulizeni wapigaji wenyewe. Wachache bado wapo Dar, Morogoro na Tanga, na simu zao zinapokelewa. Mezani pale nyuma kuna kalamu na karatasi za kubandika. Anzeni leo.